Mkunga Mbele ya Meza

Wahenga wa pwani walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na neno hilo, lililozaliwa mbali na baridi ya Mlima Kenya, lilipanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe hata likafika Nyeri, likakuta huko watu ambao hawakuwa na haja ya kuonywa, kwa maana kwao muciarithania, yaani mwanamke awasaidiaye wenzake kujifungua, alikuwa na heshima ambayo hata mzee wa baraza hakuthubutu kuichezea. Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya binti wa jirani yangu, aliyehitimu uuguzi na ukunga juzi juzi, akaona jina lake katika orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kaunti, usaili wake wa kwanza maishani, akaja kwangu jioni moja na faili la plastiki amelikumbatia kifuani, akaniita babu kwa Kikuyu akasema, "Guka, nifundishe namna ya kuhojiwa." Mimi si mkunga wala si tabibu, nilikuwa mwalimu wa historia, nami nimewahi kukaa katika bodi za shule nikiwauliza watu maswali ambayo mengine sikuyajua majibu yake. Nikamwambia kwamba nitampa kile nilicho nacho, ambacho ni habari za kale, na yeye atajua mwenyewe cha kufanya nazo, kwa sharti kwamba chai ataipika yeye.

Faili lenyewe lilinishangaza kwa uzito. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kidato cha nne, stashahada ya chuo, cheti cha usajili wa Baraza la Wauguzi na leseni ya kumruhusu kufanya kazi, kisha kundi zima la karatasi zisizohusu uzazi hata chembe: cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, alichokipata baada ya kupakwa wino vidole vyote kumi, ithibati ya mamlaka ya ushuru, ithibati ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ithibati ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na karatasi ya shirika lichunguzalo madeni ya raia, na yote haya yalidaiwa kwa jina la Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, isemayo juu ya uongozi na uadilifu. Binti alilalamika kwamba amemaliza fedha za nauli na ada kabla hajaonja senti moja ya mshahara, na malalamiko yake nayaona kuwa ya haki. Lakini alipouliza, kwa uchungu kidogo, madeni yake yanahusiana nini na kumpokea mtoto, nilimjibu kwamba swali hilo la tabia ni la kale kuliko ofisi zote alizozitaja, na kwamba bibi zake walilijibu bila ya karatasi.

Hapo kale muciarithania hakuitwa mbele ya meza, lakini asidhani mtu kwamba hakuhojiwa. Usaili wake ulichukua miaka. Aghalabu alikuwa mwanamke aliyekwisha kuzaa mwenyewe, na mara nyingi aliyekwisha kuupita umri wa kuzaa, ambaye alianza kwa kumshika mzazi mgongo huku mwingine mkubwa kuliko yeye akimpokea mtoto, akaendelea hivyo kutoka boma hadi boma, huku wanawake wakimtazama mikono yake na zaidi ya mikono wakiutazama mdomo wake, kwa sababu aingiaye katika nyumba ya mwenziwe saa ile huona na kusikia mambo ambayo mume mwenyewe hayajui, na asiyeweza kuyafukia hana budi kubaki nyumbani kwake. Walimtazama na miguu pia, kama ni mtu wa kuja aitwapo usiku wa mvua au ni mtu wa kuuliza kwanza nani anayeita. Na nyumba yake ilikuwa karibu, mwendo ambao sauti ya mtoto aliyetumwa mbio yaweza kufika kabla ya mtoto mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba amefaulu. Siku moja alijikuta ameitwa yeye kwanza, na hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake ya kuajiriwa.

Kazi yenyewe ilifanyika katika nyumba ya mama mzazi, wanaume wakikaa nje na subira yao, na mtoto akitoka salama vilipigwa vigelegele, ambavyo Wakikuyu huviita ngemi, vitano kwa mtoto wa kiume na vitatu kwa wa kike, hata aliyekuwa shambani ng'ambo ya kijito akahesabu na kuijua habari bila ya kuuliza. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, aeleza jinsi kondo la nyuma lilivyopelekwa katika ardhi isiyolimwa likafunikwa kwa nafaka na majani, vitu ambavyo ni alama ya rutuba. Na Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe huko Tetu tarehe 1 Aprili 1940, katika nyumba ya kuta za udongo, kwa mikono ya wakunga wa kijiji, amesimulia katika kumbukumbu za maisha yake jinsi wanawake wa jirani walivyokuja na ndizi mbichi, viazi vitamu na miwa, na jinsi maji ya vyakula hivyo vya ardhi ya kwao yalivyotiwa kinywani mwa mtoto kabla hajaonja ziwa la mama. Leo mkunga akifanya hivyo katika wodi ataitwa kujieleza, kwa maana mtoto hapaswi kupewa chochote ila maziwa ya mama kwa miezi sita ya mwanzo. Nami sina ugomvi na amri hiyo, ila nasema kwamba yule mtoto wa Ihithe, aliyelishwa udongo wa kwao kabla ya maziwa, alikuja kuwa mtu aliyeipigania miti ya udongo ule ule hata dunia ikampa tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Sipendi kuzipaka dhahabu zama zile. Mtoto akilala kikingamo, au damu ikikataa kukoma baada ya kujifungua, au mama akishikwa na kifafa cha mimba, mikono yenye hekima kuliko yote na dawa za miti zilifika mwisho wake upesi, na yaliyofuata yalikuwa maziko. Muciarithania alikuwa na maarifa ya mambo yaendayo sawa, na mambo mengi huenda sawa. Ni yale machache yasiyokwenda sawa yaliyouleta mtihani wa pili.

Mtihani huo wa pili nauhesabu tangu mwaka 1902, nami nilimwomba binti aukariri mwaka huo ingawa hakuna bodi itakayomuuliza. Tarehe 29 Juni mwaka 1902 mapadri wa Consolata, waliotoka Torino nchini Italia, walisoma misa yao ya kwanza Tuthu, katika himaya ya chifu Karuri wa Gakure, chini ya milima ya Nyandarua. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Richard Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza aliyekuja na bunduki kuwaadhibu watu wa Tetu, alijenga ngome chini ya kilima cha Nyeri, na kutokana na ngome hiyo ukazaliwa mji. Na katikati ya matukio hayo mawili, mwezi wa Julai, kule London, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wakunga, ambayo kwa mara ya kwanza iliwataka wakunga wa England na Wales waandikwe katika daftari, wafanye mtihani na kukaguliwa. Padri, askari na karani wa daftari: kila mmoja alikuwa na shughuli yake, lakini ukunga wa Nyeri ulikuwa umekwisha kuzungukwa.

Ile sheria ya London ina jambo moja ambalo kila mkunga aendaye kwenye usaili yafaa alijue. Wanawake wa vijijini waliokuwa wakizalisha kwa mazoea tu, bila ya shule, hawakufukuzwa mara moja. Waliruhusiwa kuandikwa ikiwa waliweza kuonyesha kwamba wamefanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwamba wana tabia njema. Basi ile karatasi ya maadili mema, aliyoipangia foleni binti huyu hata miguu ikamuuma, ina nasaba ya zaidi ya miaka mia moja. Wakaguzi wa wakati ule waliingia mpaka majumbani mwa wakunga wakafungua mikoba yao kuona kama vyombo ni safi. Scotland nayo ilifuata na sheria yake mwaka 1915, na natilia mkazo Scotland kwa sababu ni wao waliotujia.

Kanisa la Scotland lilianza kituo chake cha Tumutumu, juu ya kilima kinachoitazama Karatina, mwaka 1908, na muda si mrefu akafika Daktari Horace Philp, ambaye alitumika pale miaka mingi hata jina la hospitali na jina lake yakawa kitu kimoja midomoni mwa watu. Upande wa pili wa mlima, mwaka 1922, Daktari Archibald Irvine alifungua kazi ya namna hiyo Chogoria. Kwa upande wa Wakatoliki masista wa kwanza, wa jamii ya Cottolengo, walifika mwaka 1903, na masista wa Consolata wenyewe, ambao shirika lao lilianzishwa na Giuseppe Allamano mwaka 1910, wakafika mwaka 1913. Mathari ya Nyeri ikawa ngome yao ya shule na ya tiba, na Nkubu ya Meru ikapata hospitali yao nyingine. Kwa hao na kwa wauguzi wa Kiingereza waliokuwa na cheo hicho hicho, tumerithi desturi ya kumwita kila muuguzi wa kike "sista", awe Mkatoliki, Mpresbiteri au Mwislamu wa Majengo, awe ameolewa ana watoto sita au hajaolewa. Na binti huyu, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa la Tumutumu, ataitwa sista mpaka siku atakapostaafu.

Kati ya masista hao yuko mmoja ambaye sitaki kumpita, ingawa mitihani na vyeti si mambo yaliyompa jina. Irene Stefani aliingia nchini mwaka 1915, akawauguza wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza katika hospitali za jeshi, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, ambako watu wa Karia-koo, kikosi hicho cha wapagazi, walikufa kwa maelfu bila ya majina yao kuandikwa. Na vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, katika Mukurwe-ini, akakaa huko miaka kumi akipanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatafuta wagonjwa majumbani mwao, mpaka akaambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia, akafa tarehe 31 Oktoba 1930, mwenye umri wa miaka 39. Watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, mwenye huruma, na tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri hapo hapo Nyeri, mbele ya umati mkubwa. Bibi yake binti huyu ni mtu wa Gikondi. Nilimuuliza kama jina la Nyaatha lilipata kutajwa chuoni, akasema walifundishwa Florence Nightingale.

Hospitali hizi za misheni zilikuwa na shida moja ambayo vitabu vyake vya hesabu haviionyeshi waziwazi, nayo ni kwamba mlango wa kuzalia ulikuwa mgumu kuingiwa kuliko mlango wa vidonda. Mtu alikubali kufungwa kidonda na mgeni, lakini kumpeleka mke wake akazae mbele ya mgeni, juu ya kitanda kirefu, bila ya mama yake wala wake wenziwe, hilo lilikuwa jambo jingine. Kisha mwaka 1929 ukaja mgogoro wa tohara ya wanawake, ambao ulianzia kwa sehemu katika mlango huo huo, kwa sababu madaktari wa misheni walishuhudia makovu yakimzuia mtoto kupita, nao wakataka waumini waikane desturi hiyo kwa sahihi au kwa alama ya kidole gumba, alama iliyoitwa kirore. Wengi walikataa. Makanisa yalibaki matupu, ngoma ya Muthirigu ilipigwa mpaka serikali ikaipiga marufuku, na shule za kujitegemea zikaota kila mahali. Tangu hapo mkunga wa hospitali hakuwa tena mtumishi wa uzazi tu. Alikuwa mtu wa upande fulani. Huko Meru, baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku tohara hiyo mwaka 1956, wasichana walijitahiri wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na ghasia ziliendelea karibu miaka mitatu. Siku hizi iko sheria ya mwaka 2011, na mkunga anayekwenda kwenye usaili hana budi kuijua, maana aweza kuulizwa atafanya nini akiombwa na familia kumkata binti yao kwa siri ndani ya hospitali. Jibu ni moja tu, na binti alilijibu kabla sijamaliza swali.

Miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, naipita kwa haraka, si kwa udogo wake, bali kwa kuwa wachache wenye kuijua zaidi wangali hai na habari hiyo ni yao. Tangu mwaka 1954 watu wapatao milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kutoka maboma yao wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na usiku ukawekewa amri ya kutotoka nje, ambayo uchungu wa uzazi hauitii. Ule mwendo wa sauti ya mtoto aliyetumwa mbio ulikuwa umefupishwa sana, lakini kati ya nyumba na nyumba alikuwako mwenye bunduki.

Saa za usiku zilipokuwa zimeingia, na chai ya pili imekwisha, tulianza mazoezi yenyewe. Nilikaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili, na kabla hajajibu swali lolote nilimsimulia asili yake, kwa sababu naamini kwamba mtu akijua swali limetoka kaburi gani hatalisahau jibu lake.

Swali la kuosha mikono, kwa mfano, lilitoka Vienna. Mwaka 1847 tabibu Ignaz Semmelweis alitazama wodi mbili za uzazi katika hospitali moja, ya kwanza ikiwa chini ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili chini ya wakunga, akaona kwamba wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari walikuwa wengi kupita sana wale wa wodi ya wakunga. Akachunguza, akatambua kwamba madaktari walitoka chumba cha kupasulia maiti wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi, akawaamuru wanawe kwanza kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vikashuka ghafula. Wenziwe walimdhihaki. Binti alicheka akasema kwamba habari hiyo ataiweka akibani, wala hataitaja mbele ya bodi ikiwa mwenyekiti ni daktari.

Kile chombo kidogo cha kusikilizia moyo wa kitoto tumboni, mfano wa tarumbeta, alikibuni Adolphe Pinard wa Paris mwaka 1895, nacho hakihitaji umeme, jambo ambalo zahanati za Kieni hulishukuru kila stima inapopotea. Alama za Apgar zilitoka New York, kwa Virginia Apgar, tabibu wa kuwatia wagonjwa usingizi, aliyeona mwaka 1952 kwamba kila mtu chumbani humtazama mama na hakuna anayemtazama mtoto kwa utaratibu, akaweka mambo matano ya kutazamwa, yaani rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu ya misuli na pumzi, kila moja likipewa sifuri, moja au mbili, katika dakika ya kwanza na ya tano.

Lakini swali nililolipenda kuliko yote ni la partografu, kwa kuwa hilo ni la kwetu Afrika. Mwaka 1972, katika mji wa Salisbury ambao leo ni Harare, R. H. Philpott na W. M. Castle walichukua mchoro wa maendeleo ya uchungu wakatia ndani yake mistari miwili, mmoja wa tahadhari na mmoja wa kuchukua hatua, ikiwa na nafasi ya saa nne kati yake. Walifanya hivyo kwa ajili ya wakunga walio peke yao katika zahanati za mbali, ili mkunga aone kwa macho kwamba mlango wa kizazi haufunguki kwa mwendo wa sentimita moja kwa saa, na ajue kwamba wakati wa kumwita dereva ni sasa, ungali upo muda wa kufika, wala si baadaye mama akiwa amechoka na mtoto amenyamaza. Ndani ya mistari hiyo miwili, kwa maoni yangu, mna elimu ya safari. Mtu anayeijua barabara ya kutoka uwanda wa Kieni hadi mjini Nyeri wakati wa mvua ataelewa kwa nini saa nne ni neema. Binti alinisahihisha, kwa adabu, kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020, na kwamba siku hizi uchungu wenye nguvu huhesabiwa kuanzia sentimita tano wala si nne. Nilifurahi kusahihishwa, kwa maana aliyeweza kunisahihisha mimi bila ya kunivunjia heshima ataweza kumsahihisha daktari wa zamu saa tisa za usiku.

Liko tukio jingine nililomtaka alijue, kwa kuwa lilifanyika nchini mwetu na limesahauliwa. Mwezi wa Februari 1987 wakuu wa mashirika ya dunia walikutana Nairobi, wakatangaza kwamba wanawake kama nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za uzazi, wakaanzisha juhudi ya uzazi salama. Katika miaka ile wakunga wa jadi walikuwa bado wakifundishwa na kupewa wembe safi na uzi. Mwongo mmoja baadaye shauri likabadilika, ikaamuliwa kwamba mafunzo hayo hayapunguzi vifo vya kutosha, na kwamba kila mzazi apate mtu mwenye ujuzi wa hospitali. Mabibi waliokuwa wakisifiwa jana wakaambiwa leo wasiguse. Baadhi yao wamepewa kazi ya kuwasindikiza kina mama hadi zahanati, na mimi nayaona hayo kuwa fidia ndogo kwa watu waliofaulu mtihani mrefu kuliko wote. Hata hivyo hesabu hazinipi nafasi ya kubisha: waliozalishwa na mtu mwenye ujuzi nchini Kenya walikuwa asilimia 44 katika utafiti wa mwaka 2008 na 2009, asilimia 62 mwaka 2014, na asilimia 89 mwaka 2022. Katikati ya hapo, tarehe 1 Juni 2013, serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na mwaka huo huo wodi zikahamia mikononi mwa kaunti, ndiyo sababu binti huyu anahojiwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti wala si na wizara. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma karibu miezi mitano. Nilimshauri, wakimuuliza juu ya mgomo, aseme kweli kwa maneno machache.

Nikamuuliza swali ambalo kila bodi huuliza, kwa nini apewe yeye kazi hii. Akajibu kwa Kiingereza, pumzi moja, kwamba yeye ni mchapakazi, hupenda kushirikiana na wenziwe, na anaweza kufanya kazi nyakati za shida. Nikamwambia kwamba watu wote watakaokaa naye benchini wamekariri maneno hayo hayo. Akanyamaza kitambo, kisha akanisimulia, kwa Kikuyu sasa, habari ya usiku mmoja wa mazoezi yake, jinsi mtoto alivyotoka akalia, naye akamdunga mama oksitosini yuniti kumi pajani kabla dakika haijaisha, na bado damu ikaja. Jinsi alivyoanza kulisugua tumbo la uzazi kwa mkono mmoja huku akiita msaada, na jinsi yule mama alivyomshika mkono wa pili akimuuliza kama atamwona mtoto wake. "Nilimjibu kwamba atamwona," alisema, "halafu nikaogopa, Guka, maana sikuwa na yakini." Mama yule alipona. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo atakayoisimulia, na aisimulie kwa Kiingereza kama bodi itakavyo, lakini asiliondoe lile neno la kuogopa.

Juu ya mavazi sikuwa na la kusema. Shangazi yake alikwisha kumwazima viatu vya kisigino kirefu. Siku yenyewe aliondoka kabla ya alfajiri, ukungu wa Nyandarua umelala juu ya majani ya chai, amevaa raba, na vile viatu vya shangazi amevitia katika mfuko pamoja na faili, kwa sababu udongo wetu mwekundu haumpi mtu heshima ya bure. Alivivaa mjini, akiegemea matatu.

Jioni alipita kwangu kabla ya kwenda kwao. Nilikuwa na hamu ya kujua wameuliza nini, kama ni mistari ya Harare au vidole vya Vienna. Akasema hayo yalikuja, lakini baadaye. Swali la kwanza lilitoka kwa mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni mwa meza, ambaye hakulifungua hata lile faili, akamuuliza kwamba zahanati nyingi hazina nyumba za wafanyakazi, basi yeye atapanga umbali gani, na akiitwa usiku atafika kwa njia gani.

"Ukamjibu je?"

"Nilimwambia kwa miguu," akasema, akaketi kuvua viatu.